Ganda la Chungwa Siku ya Mahari

Tangu milima ya Kivu hadi ughaibuni Cheektowaga, Bibi Nyirarukundo hana dawa nyingine ila ganda la chungwa. Ukikohoa, atakufukiza; ukichefukwa, atakunusisha.

Siku ya mahari ya mjukuu wake Umutesi, wakwe walifika ukumbini kutoka Columbus. Mzee wao Kabera alikuwa amenuna kama mtu aliyekuja kurudisha viatu vibovu dukani. Umutesi, kwa hofu ya kukataliwa, akataka kutapika.

"Usiwatapikie wakwe, mjukuu. Nusa!" Bibi akaminya ganda kwa nguvu zote.

Bon, mafuta ya ganda hula mpira. Yalipita pua ya bibi harusi, yakatua kwenye maputo ya mapambo nyuma ya kiti. Pah! Pah! Pah!

Watu waliokimbia vita hawaulizi maswali. Ukumbi mzima ukaingia chini ya meza, Kabera wa kwanza, amekumbatia sahani yake ya wali.

"Nani anapiga?" akanong'ona.

"Ni chungwa, mkwe wangu. Toka, risasi zimekwisha."

Umutesi akacheka mpaka kichefuchefu kikamtoka. Kabera naye akacheka, wali ukimdondoka ndevuni.

"Huyu mtoto tunamchukua," akasema. "Lakini bibi yake abaki huku."