Kreshi Yangu ya Karatasi

Mama mukwe wangu alisema ku telefone: «Noeli nitakuya kwenu. Nataka kujionea na macho yangu.» Alitaka kuona mutoto wake. Bwana wangu alikuwaka muntu wa lutuku, ile pombe kali ya mahindi, na tangu Pasaka alikuwa ameiacha. Mama yake hakuamini. Mi niliamini, ao nilizani naamini.

Juu ya kumupokea vizuri, nikasema mwaka huu siombi kreshi kwa muntu. Nitatengeneza ya kwangu, pango ya kweli, na mutoto Yesu, Bikira Maria na bakondoo ndani. Si unajua vile tunafanya: unakamata karatasi ya mifuko ya simenti, unaipaka gundi ya bunga ya mahindi yenye kupikwa, unaikunjakunja mupaka inafanana majiwe. Alors, mi nikajifanya fundi! Gundi nikaipika nzito kama bukari, ugali yetu ya kila siku. Karatasi nikazipanga moja juu ya ingine. Mvua ya Desemba haikuiacha ikauke, na mi sina subira hata kidogo, nikaipaka rangi ya mafuta vile vile mubichi. Ndani, mu nafasi ya majani, nikamwaga gundi yenye ilibakia, nikatawanya mbegu za mahindi juu yake, nikanyunyiza maji kila asubui mupaka zikamea. Foto nikatuma kwa jamaa yote. Bakajibu: eeh mama, uko na mikono! Kichwa kikanivimba.

Mbele ya Noeli, harufu ikaanza mu nyumba. Kwanza kidogo tu, kama munkoyo, ile kinywaji ya mahindi, yenye kulala. Kisha, aka! Lutuku yenyewe. Nikanusia koti ya bwana wangu, nikanusia kikombe yake, nikatafuta mupaka chini ya kitanda. Nilipata soksi moja. Na yeye alianza kukaa inje ku veranda kila mangaribi, mvua inanyesha, chakula inapoa ku meza. Nikasema mu roho: njo ile, anakunywa kule kule.

«Papa,» nikamuuliza bwana wangu, «umerudia kunywa?»

«Hapana.»

«Na hii harufu inatoka wapi?»

Akainuka, akakamata kiti yake, akaelekea ku veranda. Mi kinywa yangu haina freni, nikamwambia: «Sawa. Mama yako akikuya, utamweleza mwenyewe.»

Siku ya Noeli mama mukwe akatoka kwake, mutaa wa Bel-Air, akafika na kitambaa mupya ku kichwa. Ku mulango akasimama, pua juu. Akaangalia mutoto wake kwa muda murefu. Akapita mu salo, chumba ya bageni, akapiga magoti mbele ya kreshi, akafanya alama ya musalaba. Sala akaiacha katikati, akaniita mi:

«Yesu na Maria! Mwana wangu, kuya hapa. Nusia.»

Nikapiga magoti pembeni yake, nikaingiza kichwa mu pango. Harufu ikanipiga mu uso. Mama mukwe akasukuma kidole mu jiwe. Rangi ikapasuka, ikatoka bunga yenye kuchacha, na mapovu. Na mahindi yangu imesimama pale, kijani, muzuri kabisa, mbele ya bakondoo. Bunga ya kupikwa, mahindi yenye kumea, maji, joto: hapa kwetu kila muntu anajua ile inatengeneza nini. Nilikuwa nachachisha lutuku mu salo yangu, mu miguu ya Bikira Maria.

Mama mukwe alicheka mupaka machozi. Mi nilisikia haya mupaka masikio ikawaka. Nikageuka kutafuta bwana wangu. Alisimama ku mulango ya veranda.

«Kumbe ni harufu ya kweli,» akasema polepole. «Nilizani iko mu kichwa yangu tu. Nilizani ile kiu inarudia. Njo maana nilikuwa nakaa inje.»

Mama yake akaacha kucheka. Akainuka, akaenda kumushika mikono yote mibili. «Basi uliacha kweli, mwana wangu,» akamwambia.

Mama mukwe mwenye hakuamini, sasa aliamini. Mi mwenye nalala naye kitanda kimoja, nilikuwa nimenusia koti yake.

Nikabeba ile kreshi, nikaitupa nyuma ya nyumba mu mvua. Sikurudi mu salo. Nikakaa pa kiti ya bwana wangu ku veranda, nguo imeloa, mupaka yeye mwenyewe akakuya kuniita tukule.