Nilimwambia Mume Wangu Mercy Ana Mafua

Admin, jina langu libaki kwako. Nina miaka arobaini na saba, tunaishi upande wa Sigowet, tuna chai kidogo na ng'ombe wawili. Mume wangu ana saratani ya koo. Kila siku naandika kwa daftari amekula nini na amelala vipi, ili nimwonyeshe daktari.

Kila Jumanne kanisa lilikuwa likimtuma dada mmoja, nitamwita Mercy, aliyefunzwa kuwakanda wagonjwa wa saratani. Kukandwa hakuponyi ugonjwa, kunatuliza mwili tu, na daktari alikubali. Jumanne ya kwanza niliandika: "Amekandwa miguu. Amelala mpaka asubuhi." Ya pili: "Amenyoa ndevu kabla Mercy hajafika." Hiyo ya ndevu niliipigia mstari mara mbili.

Nikitoka kuchuna chai nawakuta, mzee amefumba macho, anaimba chinichini wimbo wa kanisani. Miaka ishirini na nne ya ndoa, mimi sijawahi kuimbiwa wimbo. Shemeji yangu naye ananichoma: "Mama Chebet, wewe chuna tu majani, mzee anapakwa mafuta na mtoto wa watu!"

Wiki tatu zilizopita nilimngoja Mercy kwa geti. Nikamwambia mzee amechoka na wageni. Akanishika mkono: "Mama, si hata wewe naweza kukufundisha?" Nikauvuta. Vidole vyangu ni vyeusi kwa utomvu wa chai na vimepasuka. Vyake ni laini.

Jioni nikamkanda mwenyewe, kwa yale mafuta tunayopaka chuchu za ng'ombe. Akavuta mguu. "Mama Chebet, polepole! Mimi si Friesian." Alicheka. Mimi nilienda kulilia jikoni.

Alipouliza Mercy yuko wapi, nikasema ana mafua, anaogopa kumwambukiza. Tangu siku hiyo daftari linasema "hakulala," "hakulala," "amelala kidogo." Lakini kila Jumanne bado ananyoa ndevu. Na tukiombea chakula anaongeza, "Na Mercy pia, Bwana, umwondolee hayo mafua." Nami naitikia Amina.

Nikimwita Mercy, uongo wangu utajulikana, na nitarudi kutazama vile mume wangu anavyofumba macho kwa ajili ya mikono ya mwingine. Nisipomwita, anayeumia ni yeye. Kesho ni Jumanne, na wembe ameshaniomba. Ninyi mnaouguza watu wenu nyumbani, niambieni, nifanye nini?