Ziwa Litakula Mita Ngapi?

Siku yangu ya kwanza kazini, mwanzoni mwa miaka ya themanini, Mhandisi wa Maji pale Shinyanga alinionyesha meza yenye miguu mitatu akasema, "Kijana, hapa tunakadiria. Ukitaka uhakika, nenda seminari."

Baadaye tuliazimwa Geita, ambako dhoruba zilikuwa zikimega ufukwe wa ziwa. Ninyi mna kompyuta mfukoni. Yetu ilikuwa Dar es Salaam, ikikokotoa ziwa litakula mita ngapi. Tulituma vipimo kwa treni kutoka Shinyanga: kasi ya upepo, kimo cha mawimbi, mteremko wa ufukwe, ukubwa wa chembe za mchanga. Majibu nayo yalirudi kwa treni, ilipojisikia kuja.

Mhandisi alinifundisha kupima usikivu wa modeli, yale mahesabu ya kompyuta, yaani kubadilisha kipimo kimoja kidogo ili uone jibu linayumba kiasi gani. Tulipoongeza upepo, jibu lilitikisika tu. Tulipogusa mchanga, liliruka kama mbuzi aliyekanyaga kaa la moto. Na mchanga ndio tusioujua vizuri! Dhoruba moja kubwa ingeweza kumega hatua chache, au uwanja mzima wa mpira.

Mkuu wa Wilaya alifoka. "Serikali haitangazi 'labda'! Chukueni katikati."

Katikati ikapita ndani ya nyumba ya Mama Kabula, mjane aliyelea wajukuu pale ufukweni. Tukachora mstari mwekundu ukutani. Mkuu akatangaza kuwa upande wa ziwa ni hatari, upande wa pili salama.

"Kwa hiyo nikipika niogope, nikilala nisiogope?" Mama Kabula akauliza. Watu walicheka. Yeye hakucheka, maana hakuwa na nyumba nyingine.

Mkuu alipoondoka, Mama Kabula alinishika mkono. "Mwanangu, nihame, nisihame?"

"Sijui, mama," nikasema kwa aibu. "Hata kompyuta haijui."

Akahamia na wajukuu kwa dada yake, mlimani.

Dhoruba ilipokuja, ziwa lilibeba jiko na kusimama, amini usiamini, kwenye mstari wetu. Nusu iliyoitwa salama, kwa kukosa cha kuegemea, ikaangukia mahali pa vitanda. Mkuu alijisifu kwa kupatia, akapandishwa cheo. Mhandisi alishika kichwa.

Sasa nimestaafu, na cheti changu cha utumishi kinasifu usahihi. Kinanichekesha. Niliwahi kumuuliza Mama Kabula kwa nini alihama.

"Wakubwa wote waliokuja hapa walijua," akanijibu. "Wewe uliposema hujui, ndipo nikaogopa."