Niliwathibitishia Kwamba Si Ndugu

Kosa ni langu. Nalisema mwanzoni ili usinitafutie udhuru, maana mimi mwenyewe nimeutafuta na sikuupata.

Nilikuwa mtumishi wa serikali, mtu wa bara niliyepelekwa Kaskazini Mashariki nikiwa kijana. Nilistaafu Garissa nikabaki hapa hapa. Kazi niliyojivunia kuliko zote ilikuwa kuwasimamia makarani wa sensa, na hapo ndipo nilipoanza kupotoka: niliweka nyumbani nakala za orodha za kaya, ilhali nilikuwa nimekula kiapo kwamba siri za watu hazitatoka ofisini. Nilijiambia ninaziokoa zisiliwe na mchwa. Uongo mtupu! Nilizipenda tu.

Baada ya kustaafu nikawa nawasaidia watu kutafuta historia ya jamaa zao. Nyakati za ukame watoto wengi walihamishwa kutoka boma moja hadi jingine: mama amefariki, baba yuko mbali na mifugo, shangazi anamchukua mtoto. Mtu mzima anakuja kuniuliza alilelewa na nani. Nafungua karatasi, namwonyesha kaya, mkuu wa kaya, uhusiano. Wengine walilia kwa furaha mbele yangu. Nami nikavimba kichwa!

Ndipo akaja Mzee Bishar, mfanyabiashara wa mifugo, pamoja na Yunis, dereva wa lori la maji huko Dadaab. Yunis alikuwa amemposa Hodan, binti ya Bishar. Mama yake Hodan alikwisha kufariki. Kilichomsumbua Bishar ni kwamba Yunis alifiwa na mama akiwa mchanga, akalelewa na shangazi yake huko Kutulo, katika boma lililopakana na la Bishar, wakati Bishar mwenyewe alikuwa mbali na ngamia.

"Mzee, mimi naogoba," Bishar akasema kwa lafudhi yake ya Kisomali. "Kama huyu kijana alilelewa kwa nyumba yangu, hii ndoa ni haramu."

"Tungoje eedo," Yunis akasema. Eedo ndiye huyo shangazi, dada wa baba yake. "Yuko Rhamu. Mvua imekata barabara, simu yake haishiki. Akija atasema."

"Kijana," nikamjibu, "kumbukumbu za kina mama huchakaa. Hizi zangu hazichakai."

Ee Mungu, nisamehe kiburi kile!

Nikaipata karatasi. Katika kaya ya Bishar: mke na mtoto wao wa kwanza, basi. Yunis alikuwa ameandikwa kwa shangazi yake, mtoto wa kaka. Nikaweka kidole pale, nikamtazama Bishar kama mwalimu amtazamavyo mwanafunzi mzito.

Hakuridhika. "Na maziwa? Nani alimba huyu mtoto maziwa?"

"Sensa haiulizi hilo," nikasema kwa ukali, kana kwamba lisiloulizwa na serikali halikupata kutendeka.

Na nilijua! Hilo ndilo linaloniumiza. Nimeishi na Waislamu karibu maisha yangu yote. Nilijua kwamba mtoto akinyonyeshwa na mwanamke huwa mwanawe, na hawezi kamwe kumwoa binti ya mwanamke huyo. Nilijua, ila niliyahesabu kuwa mazungumzo ya jikoni. Nikawaandikia barua yenye sahihi yangu: hawa wawili si ndugu. Bishar akamwonyesha sheikh. Nikahi ikafungwa.

Barabara ilipofunguka eedo akaja na kiroba cha vitunguu na ndizi za Rhamu. Nami nilialikwa chai siku hiyo, nikakalishwa mahali pa heshima. Hodan akaja kumwamkia, na eedo akashangilia.

"Mashallah! Yunis, hii sura umeibata wabi, na hiyo miguu yako ya ngamia?" Tukacheka sote. Kisha akauliza, "Binti, wewe wa nani?"

"Wa Bishar wa Kutulo."

"Na mama?"

Hodan akamtaja marehemu mama yake. Eedo akaketi sakafuni, kiroba kikiwa bado mkononi.

"Yunis," akasema, "huyu dada yako. Mimi sikuwa na maziwa. Mchana wote ulikuwa kwa mama yake, unanyonya bamoja na mtoto wake wa kwanza. Usiku ndio nakuchukua, nalala na wewe."

Usiku! Na sensa huhesabu watu mahali walipolala. Karatasi yangu haikudanganya hata neno moja. Mimi ndiye niliyedanganya, kwa kudai kwamba ilijua kila kitu.

Hodan hakumtazama mumewe. Alinitazama mimi. "Mzee, si ulisema umeangalia?"

Nikainuka kutoka mahali pa heshima, nikaketi sakafuni. Mimi, niliyekuwa na jibu la kila barua!

Walitenganishwa siku ile ile. Hodan yuko kwa baba yake, na wanawake wa mtaa wanamchunguza tumbo bila kuuliza. Yunis alinipigia simu mara moja. Hakunitukana. Afadhali angenitukana! Alisema tu, "Mzee, kama kuna mtoto, nitamwambia nini?"

Tangu hapo sina amani, kwa kuwa barua ile haikuwa ya pekee. Nimewaandikia wengine, nao wakaoana. Nazunguka kuwatafuta. Wawili nimewapata, na wazee wao wamethibitisha kwamba hakuna maziwa baina yao. Wengine wamehama, simu zao zimezimwa, na huenda tayari wana watoto wanaokimbia uani.

Nanyi mnaotafuta koo zenu katika makaratasi ya zamani, nawasihi: karatasi itawaambia mtoto alilala wapi. Haitawaambia nani alimpakata akilia. Waulizeni wanawake wangali hai!

Na wewe uliye na barua yangu ambaye sijakufikia, usiitegemee. Nenda leo kwa bibi aliyekujua ukiwa mchanga, umuulize nani alikunyonyesha. Ukikuta nimekosea tena, njoo uniambie usoni. Kila nikisikia hodi moyo unanipasuka, lakini nitafungua.