Bakuli Lenye Tundu la Msumari

Siku ile tulikuwa wanne: mimi, mdogo wangu Ezekia, kitinda mimba wetu Veronika, na jirani yetu Mama Odeta. Nawataja ili asije mtu akasema niliota peke yangu. Ukifika Katumba, makazi yetu sisi tuliotoka Burundi, waulize mmoja mmoja.

Aliyekosekana ni Agnes, anayenifuata. Wazazi walipofariki niliacha shule darasa la sita nikawalea wadogo zangu watatu, na Agnes ndiye aliyesoma mpaka akapata kazi Japani, ya kuhudumia wazee. Redio ikasema ardhi imetikisika mji anaoishi, nyumba zimelala chini. Siku mbili simu yake haikupatikana. Unajua ilivyo, ndugu yako yuko hatarini na huna hata pa kukimbilia? Hatukupika. Tulikaa kwenye kivuli cha bani, banda la kukaushia tumbaku, tukifunga majani ya tumbaku kwenye fito, mikono ikifanya kazi yenyewe.

Saa nane mchana, jua kali, akaja mwanamke amejitanda kitenge mpaka machoni, amebeba bakuli la maharage ya moto.

"Nyie hamjala tangu juzi," alisema. "Kuleni. Yule wa chini ya meza nimeshampa."

Ezekia akacheka. "Bibi, chini ya meza yetu kuna kuku anaatamia tu."

"Huyo ndiye atakayenirudishia bakuli. Wewe mkubwa wao, unakubali?"

"Nakubali, mama. Asante."

Kwetu chakula cha jirani hukihoji, na chombo chake hukirudishi kitupu. Nilidhani ametoka kijiji cha pili. Niamini, sikumuuliza hata jina.

Tukala. Mama Odeta peke yake hakugusa. Tulipomaliza, Veronika akanyanyua bakuli, jua likapita katikati yake.

"Dada, hili lina tundu."

Tundu la msumari. Na hakuna tone la mchuzi lililokuwa limedondoka.

Sasa nikwambie. Sisi tukizika, tunaacha chombo cha marehemu juu ya kaburi, tumekitoboa kwanza ili mwizi asikitamani. Bakuli la mama nililitoboa mimi, kwa mkono huu. Lilikuwa na ua jekundu ukingoni, nusu limebanduka. Nikaligeuza. Ua lilikuwepo.

"Hukuona anavyotembea?" Mama Odeta aliniuliza. "Ule mguu wa kushoto anauburuta kama mama yenu?"

Tukatazama njiani. Hapakuwa na mtu.

Jioni simu ikaita. Nyumba ilimwangukia Agnes, wakamtoa chini ya meza akiwa hai.

"Dada, mle gizani kuna mtu alinilisha maharage," alisema. "Alinisemesha Kirundi."

Nikamweleza lile sharti, kwamba yeye ndiye wa kurudisha bakuli. Alilia, akaahidi kuja. Mwaka wa tatu huu. Mara mkataba, mara ruhusa. Bakuli limetundikwa ukutani kwetu. Likianza kugonga ukuta lenyewe, tunajua huko kwa Agnes ardhi inatikisika, tunapiga simu kabla redio haijasema. Limeshagonga mara nne. Mara mbili nimelirudisha kaburini mwenyewe, limejaa maharage. Asubuhi nalikuta ukutani, tupu.

Wewe mwenye ndugu nje, usiyemjua akikuletea chakula, pokea. Njaa ya mtu wako huijui. Lakini usiahidi kwa niaba ya mwenzako kitu ambacho miguu yake ndiyo itakayokitimiza.

Juzi Agnes amesaini miaka miwili mingine. Alipokuwa ananiambia, bakuli lilikuwa linagonga.