Nimeonea panya wivu

Leo nimeonea panya wivu. Tena panya ya ndani ya telefone!

Munajua Furaha, dada wa jirani. Mama yake vidole vilikunjamana zamani. Sasa na Furaha, asubuhi vidole vyake vinakauka, havikunjike. Mimi niliona hiyo kitambo.

Leo alikuwa anatikisa maziwa mu kibuyu, apate siagi. Patrick, rafiki ya kaka yake, Patrick mwenye anasoma iniversite Goma, akamuonyesha mu telefone picha za panya za labo, zile banachunguzia magonjwa.

"Hizi zilirisi ugonjwa ya viungo. Mwili yao yenyewe njo inajipiganisha."

Furaha akaacha kutikisa. "Basi na mie nitakuwa sawa na Mama?"

"Si lazima, dada. Ona, hizi mbili ni za mama moja. Hii miguu imevimba, hii iko inakimbia tu. Lakini uende ku munganga wa hospitali mapema."

Furaha akachekea ile panya yenye inakimbia. Miezi yote hii namutafutia hicho kicheko!

Wivu ikanipanda. Nikakamata kibuyu, nikaanza kutikisa mimi. Kwetu ile ni kazi ya bamama.

Mama yake Furaha akalalamika: "Yesu! Kijana, utaolewa lini?"

Bantu yote bakacheka. Sikuacha.

Furaha akaniambia, "Aksanti kaka."

Kaka!

Halafu, kwa sababu mikono yake ilikuwa huru sasa, akashika telefone ya Patrick, akamusogelea.

Nyinyi mungetupa kibuyu ao mungemaliza?

Mimi nilimaliza. Siagi imetoka muzuri sana.