Nane Mara Saba, Miguu Imetulia

Siku moja naikumbuka kuliko zote nilizokaa darasani, mwanangu, nayo ni ile niliyotolewa kwenye chumba cha mtihani kwa sababu ya mguu wangu wa kulia. Usicheke kwanza. Mambo haya yana mwanzo, na mwanzo wake uko Dindira, huko juu milimani kwenye mashamba ya chai, nilikozaliwa mimi Eliza, Msambaa ninayekusimulia.

Dindira ya utoto wangu ilikuwa baridi, na wengi wetu hatukuwa na viatu. Asubuhi tukisimama mstarini shuleni, ukungu umeshuka hata mlingoti wa bendera huuoni, meno yanagongana. Mwalimu wetu wa shule ya msingi akatutafutia dawa. Tuliimba tebo, lile jedwali la kuzidisha, huku tukipiga mguu chini kwa kila jibu. Nane mara moja, nane, mguu. Nane mara mbili, kumi na sita, mguu. Tukifika tebo ya kumi na mbili vumbi limepanda na vidole vimepata joto. Mimi ndiye niliyekuwa naongoza, maana sauti nilijaliwa. Akina mama waliokuwa wakienda kuchuma chai walisimama barabarani kusikiliza, na mama yangu akiwa kati yao alijivuna waziwazi. Nami nikajiona bingwa wa hesabu. Mtoto akisifiwa sana huamini, ndiyo tabu yake.

Nikachaguliwa kwenda sekondari ya bweni ya wasichana, huku bondeni Korogwe. Shule ile ilikuwa na sheria yake: mtihani wa mwisho wa kidato cha pili ukikushinda, unafungasha godoro na sanduku unarudi kwenu. Kwangu mimi kurudi kwetu maana yake ilikuwa kikapu cha chai mgongoni hadi uzee. Si kwamba kazi ile ni mbaya; ndiyo iliyonilisha. Lakini mama, siku ananisindikiza kwenye gari, aliniambia maneno ambayo sikuyasahau: "Eliza, chai itakungoja hata ukichelewa. Shule haingoji mtu."

Aliyetufundisha hesabu ni Mwalimu Mhando, Mzigua wa Handeni, mtu mzima, mfupi, shati limenyooshwa pasi kila siku ya Mungu. Fimbo hakuwa nayo, ila mdomo alikuwa nao. Wiki ya kwanza tu akaninyooshea chaki. "Eliza, nane mara saba?"

Nikainamisha kichwa. Si kwamba sikujua. Nilikuwa nimeanza safari: nane mara moja, nane, kisigino kinagonga sakafu chini ya dawati. Nane mara mbili. Midomo inacheza. Wenzangu wakaanza kuguna. Nilipofika na kusema hamsini na sita, Mwalimu alikuwa amekwisha kukaa kwenye kiti.

"Jibu ni sahihi," alisema. "Sasa niambie. Ukiwa hapa Korogwe unataka kwenda Mombo, kila safari unarudi kwanza Segera ukapandie gari huko?"

Darasa zima likacheka, maana hata sisi wa milimani tulijua kwamba Segera iko nyuma na Mombo iko mbele. Akasema tena, taratibu, "Wewe namba huzijui. Unajua wimbo." Nilichukia, mwanangu. Nilijiambia huyu mzee ananionea wivu wa sauti. Si nimepata jibu? Basi nikaendelea na mguu wangu kama kawaida, na kwa kuwa sekondari maswali yanakuja kwa Kiingereza na wimbo wangu ulikuwa wa Kiswahili, nilikuwa nasafiri mara mbili kwa kila swali. Wenzangu wako ukurasa wa tatu, mimi niko wa kwanza natwanga sakafu. Ndiyo maana wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na la kwangu lilikuwa linaelekea huko huko.

Ukaja ule mtihani wa mwisho wa kidato cha pili. Chumba kimya, unasikia kalamu tu. Mbele yangu amekaa Hadija, binti wa Kizigua wa Handeni, rafiki yangu na mtani wangu, na kwa hesabu hakuna aliyemfikia. Msimamizi alikuwa mwalimu kijana, mgeni shuleni, hatujuani. Mimi nina viatu vya soli ngumu. Nikaanza: ko, ko, ko. Kidogo kimya. Ko, ko, ko, ko. Hadija kelele zikamkera, akageuka kunikodolea macho. Na hapo hapo msimamizi akafika, akachukua karatasi yangu, akachukua na ya Hadija.

"Mnapeana majibu kwa kugonga," alisema. "Simameni."

Kuiba mtihani pale shuleni adhabu yake ilikuwa moja, kufukuzwa siku hiyo hiyo. Nilitembea kwenda ofisini nyuma ya msimamizi. Kosa langu nilikuwa naliona, lakini kilichoniuma zaidi ni Hadija, mtoto wa watu, asiye na kosa hata la ukucha, anafukuzwa kwa mguu wa mwenzake.

Mkuu wa shule, mama mmoja mpole wa sauti lakini asiyetikisika, alimsikiliza msimamizi hadi mwisho. Kisha akamgeukia Hadija. Hadija alikuwa analia kwa hasira. "Mama Mkuu," alisema, "mimi nipokee jibu la hesabu kutoka kwa Eliza? Eliza huyu?" Hata katika shida ile neno lile lilinichoma, kwa sababu lilikuwa kweli.

Mwalimu Mhando akaitwa. Alinitazama viatu kwanza, akashusha pumzi. "Mama Mkuu, naomba umuulize tisa mara saba. Na umruhusu afanye anavyofanya siku zote."

Nikaulizwa. Nikaimba, mwanangu, mbele ya mkuu wa shule, machozi yananidondoka, mguu unapiga. Tisa mara moja, tisa. Tisa mara mbili, kumi na nane. Sikuruka hata hatua moja kwa sababu sikuweza kuruka. Nilipofika sitini na tatu, msimamizi alikuwa anatazama dirishani na Mkuu ameziba mdomo kwa leso. Akakohoa kidogo akasema, "Hapa hakuna wizi. Kuna ujinga." Akaamua kwamba wote wawili tutarudia mtihani Jumatatu, maswali mengine, yeye mwenyewe akisimamia. "Lakini wewe Eliza nikisikia mguu wako, nakutoa. Na ukitolewa umefeli."

Nje, Mwalimu Mhando alinisimamisha kwenye kivuli cha ukuta wa ofisi. Hakupandisha sauti, na afadhali angepandisha. "Leo nimekutetea kwa kukuaibisha, maana sikuwa na njia nyingine. Namba umezizoea zikiwa kwenye mstari. Zikitoka mstarini huzifahamu. Ni kama mzazi ambaye hamjui mwanawe mpaka awapange wote toka kifungua mimba hadi kitinda mimba. Mzazi gani huyo?" Akachukua kijiti, akaandika kwenye vumbi. "Nane mara saba ikikusumbua, ivunje hiyo saba. Tano na mbili. Nane mara tano?"

"Arobaini."

"Nane mara mbili?"

"Kumi na sita."

"Jumlisha." Nikajumlisha, na hamsini na sita ikatokea kutoka upande ambao sikuwahi kuipitia. Nikainama kuitazama pale vumbini. Miaka yote ile nilidhani ina mlango mmoja. Akafuta vumbi kwa kiatu. "Sasa nenda kafanye mazoezi, na usifanye peke yako. Mtu akiwa peke yake hujidanganya."

Kwenda kwa Hadija kulinihitaji moyo. Nilimkuta bwenini, nikaanza kuomba radhi, akanikatisha. "Usinililie. Panda kitanda cha juu." Alikuwa amechana boksi la sabuni vipande vipande na kuandika maswali. Akanikalisha kule juu miguu inaning'inia hewani, haina pa kugonga, akachanganya vile vipande kama anayechanganya karata. "Sita mara tisa." Kichwa changu kikawa kitupu kama debe. "Saba mara nne." Vile vile. Mguu unarukaruka, haupati sakafu. Hadija akatikisa kichwa akasema Wasambaa kweli mnahitaji mlima hata kwa kuzidisha. Nikamwambia Wazigua mngejua kuimba msingetuonea. Tukacheka, na hapo ndipo nilipojua amenisamehe.

Siku zile hazikuwa na mapumziko. Nikiwa bombani nachota maji, ananiuliza. Nikiwa kwenye foleni ya ugali, ananiuliza. Halafu akaanza kugeuza maswali, ananipa jibu kwanza. "Hamsini na sita, wazazi wake ni akina nani?" Nasema saba na nane. "Na wengine?" Nafikiri, nasema kumi na nne na nne. "Hamsini na tatu je?" Nikahangaika wee, kumbe huyo hana wazazi zaidi ya moja na yeye mwenyewe. Kabla ya kukokotoa lolote alinidai nikisie jibu litaangukia wapi. Thelathini na tisa mara ishirini na moja? Hiyo ni jirani na arobaini mara ishirini, kwa hiyo nategemea karibu mia nane. Nikipata mia nane na kumi na tisa, sawa. Nikipata elfu nane na kitu, nimepotea na ninajua nimepotea. Hakuna aliyenifundisha hayo kwa maneno makubwa. Nilikosea, nikacheka, nikarudia. Haba na haba hujaza kibaba.

Jumatatu tukakaa wawili na Mkuu. Nilivua viatu nikavisukuma mbali, sikuuamini ule mguu. Swali moja lilitaka eneo la shamba la mkonge, urefu mita tisini na sita, upana arobaini na tano. Nilihisi kisigino kinajiandaa. Nikakaza vidole. Nikajiambia, tisini na sita ni mia iliyopungukiwa na nne. Mia mara arobaini na tano ni elfu nne na mia tano. Nne mara arobaini na tano ni mia na themanini. Ondoa. Elfu nne mia tatu na ishirini. Niliandika jibu na kalamu ilikuwa imefika swali linalofuata ndipo nikashtuka kwamba sijaimba. Nilitaka kulia, ila muda haukuwepo.

Tulifaulu. Hadija alinipita mbali kama kawaida yake, na mimi nilibaki shuleni, na kubaki ndiko nilikokuwa nakuomba. Mwalimu Mhando aliponirudishia karatasi nilisimama nikingoja sifa. Akasema, "Vizuri. Kesho tunarudia hesabu za sehemu, uje na vipande vingine vya boksi." Mzee yule hakuwa na haraka ya kumsifu mtu.

Nimekuja kufundisha hesabu mwenyewe, Handeni na Korogwe, mpaka nikastaafu, na nakwambia ugonjwa ule haujaisha, umebadilisha nguo tu. Juzi mjukuu wangu wa kidato cha tatu kanionyesha mtihani wa mwaka uliopita ameutatua wote, safi, hakuna kosa. Kautoa kwenye simu na majibu yake, kausoma mpaka kaushika. Nikachukua kalamu, kwenye swali moja nikabadilisha kumi na mbili nikaweka kumi na tatu. Akatazama swali, akanitazama mimi. "Bibi, hiyo haijawahi kutoka." Nilicheka mpaka nikashika ubavu, kisha nikaweka kalamu chini, maana nilimwona kwamba ameogopa. Namba moja tu imesogea na mtoto hana pa kushika.

Kwa hiyo, mwanangu, nisikilize. Usikariri majibu ya mwenzako ukaita mazoezi. Fanya hesabu kila siku, chache tu, lakini zikiwa zimevurugwa, leo huku kesho kule, ili akili izoee kukutana nazo popote. Ukipata jibu, lipitie kwa njia nyingine uone kama litakuja lile lile. Kisia kabla hujakokotoa, na usione haya kukisia vibaya. Tafuta rafiki wa kukuuliza, tena awe mkali, asiyekubembeleza. Simu itumie nyumbani kuhakikisha ulichokwisha kufanya, kwa maana siku ya mtihani itabaki mlangoni na utaingia wewe na kichwa chako. Na mwalimu akikuambia neno la kukuuma mbele ya watu, chukia siku hiyo kama ni lazima, ila kesho yake ulifikirie. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Sitakuombea maswali mepesi, kwani mepesi hayamfikishi mtu popote. Nakuombea siku moja ufunue karatasi ukute swali ambalo hujawahi kuliona wala hakuna aliyewahi kukuonyesha. Mungu akutulize moyo saa hiyo, akupe subira ya kulivunja kipande kwa kipande, na uinuke kwenye kiti kile ukijua kwamba jibu ulilotoa ni lako mwenyewe.